Nyimbo za kunguruma: tumesikiliza, sasa tunasema



Tangu muhula huu uanze, maneno ya internati ni yale yale: zile nyimbo za kunguruma. Wengine wanasema ni nyimbo za shetani, na wenye kuzisikiliza watolewe katika korali. Wengine wanajifunza kunguruma usiku nyuma ya vyoo, hata mwangalizi alitoka na tochi akifikiri kuna mbwa. Na wiki tatu zilizopita jambo likavuka mpaka. Mwanafunzi mmoja wa kalasi ya nne alinyang'anywa kadi ya telefone na wenzake, wakaitupa katika moto wa jiko huku wanaimba wimbo wa kanisa. Katika ile kadi mlikuwa nyimbo tisa za namna hiyo. Mlikuwa pia sauti ya marehemu baba yake, aliyomtumia siku chache mbele ya kufa. Kopi nyingine hakuna.

Sisi wa gazeti tuliwauliza waliochoma kadi, mmoja mmoja: umekwisha kusikiliza wimbo upi mpaka mwisho? Hakuna aliyeweza kutaja hata mmoja. Mmoja alijibu: "Miye nilisikia ku ukuta tu, ikanitosha." Tuliwauliza na wale wanaopenda: wimbo huu unasema nini? Na wao hawakujua. Wanapenda sababu unatisha. Basi tuliona pande zote mbili zinapigana juu ya kitu ambacho hawajakisikia, na tukapatana tuombe ile orodha, tukae chini, tusikilize.

Orodha ilitoka kwa yaya mmoja aliyemaliza masomo hapa kwetu na ambaye siku hizi anakaa Ufini. Yeye ndiye aliyemtumia yule mdogo nyimbo zile. Tulipomwandikia alituma orodha tena, na maneno kidogo: msikilize kila wimbo mara mbili, mara ya kwanza kwa masikio, mara ya pili na maandishi mbele yenu. Tulifanya hivyo siku mbili za posho, kisha salongo, watu saba na bafle moja, mlango umefungwa. Tuseme mapema kwamba hakuna mmoja wetu aliyeingia akiwa rafiki wa muziki huu. Sisi ni watu wa korali na rumba. Katika nyumba nyingi za kwetu gitari nzuri ni ile ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambayo inasema pole pole kama mtu anayekusimulia habari kwenye baraza.

Watu wanauita muziki huu metali, na wa orodha yetu ni ule mkali kupita kiasi. Lakini yaya aliweka wa kwanza wimbo ambao si mkali sana, kusudi tuone mzizi. Ni wimbo wa kundi Black Sabbath, la Birmingham, mji wa viwanda kule Uingereza, wa mwaka 1970. Unaanza na mvua na kengele. Kisha gitari inaingia polepole, nzito, na mwenzetu anayejua solfa akashtuka: "Anaruka kutoka fa kwenda si!" Ule mruko ndio tunaokatazwa katika korali sababu masikio hayaupendi. Hawa wameuchukua wakaufanya nyumba yao.

Mpiga gitari wa kundi hilo, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume, na kwa sababu anapiga kwa mkono wa kushoto, ile ya kuume ndiyo inayokanyaga nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Kisha alitumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza kusudi zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inakwenda chini, inakuwa nzito. Ule uzito ambao leo unawatisha watu ndani ya internati ulitoka kwa sehemu katika vidole vya mfanyakazi aliyeumia. Mtoto wa Likasi ao Kolwezi hatacheka habari hii. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alikufa mwezi wa saba mwaka 2025, majuma mawili na nusu tu kisha kuimba mara ya mwisho katika mji wao.

Tulisikiliza wimbo huo bila shida. Wawili walisema ni mzuri. Tukafikiri kazi itakuwa nyepesi.

Wimbo wa pili ukatufundisha. Kundi ni Slayer, la California, disiki ni *Reign in Blood* ya mwaka 1986, nyimbo kumi kwa muda usiofika hata nusu saa. Batri inakimbia kama mtu anayefukuzwa. Mara ya kwanza hatukushika neno. Mara ya pili, na maandishi, tulinyamaza wote. Wimbo unasimulia kazi ya Josef Mengele, munganga wa Kijerumani aliyewafanyia wafungwa wa Auschwitz majaribio ya ukatili katika vita ya 1939-1945. Unaeleza mateso kimoja kimoja. Kampuni moja kubwa ya Marekani ilikataa kusambaza disiki hiyo kwa sababu yake, na aliyeuandika, Jeff Hanneman, alijitetea siku zote kwamba anasimulia tu, hasifu.

Tunamwamini. Lakini tulihesabu: jina la utani la muuaji limo, majina ya waliouawa hakuna hata moja. Hapa ndipo mashaka yetu yalipata maneno. Sisi tunatoka upande wa nchi ambako watu wanajua majina ya wauaji wengi. Redio inayasema kila siku, wengine wamekuwa wakubwa. Majina ya waliokufa yanabaki kwa mama zao tu. Wimbo unaosimulia kisu vizuri na kusahau mwenye shingo, kwetu si ujasiri. Ni kazi nusu.

Ya tatu ilituchekesha. Napalm Death, tena watu wa Birmingham, disiki *Scum* ya mwaka 1987 yenye nyimbo 28. Tulibonyeza, tukasikia "grrh," kisha kimya. Mwenye bafle akaigonga kwa ngumi akidhani imeharibika. Haikuharibika: wimbo ulikuwa umekwisha. Unadumu sekunde 1,316, na kitabu cha Guinness kimeuandika kuwa wimbo mfupi kuliko zote duniani. Tuliupiga mara ishirini, na bado hatukumaliza nusu dakika. Kisha tukasoma maandishi. Ni maneno machache mno: yanauliza tu sababu ya mateso ya mtu. Basi.

Mmoja wetu, ambaye baba yake ni pasta, alisema jambo ambalo tunaendelea kulitafuna. Alisema marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wazuri. Waliharibu walipoanza kueleza. Labda huyu Mwingereza alijua aulize na anyamaze. Wengine wetu walisema hapana, ni mzaha wa vijana, msimpe hekima asiyokuwa nayo. Hatukupatana, na tunaacha hivyo.

Sasa tunakuja kwa wimbo wa ukoma, na hapa tunaomba msomaji avumilie.

Kundi linaitwa Death, maana yake Kifo, la Florida kule Marekani. Mwenyewe ni Chuck Schuldiner. Disiki yake ya kwanza, ya mwaka 1987, alipokuwa kijana wa miaka 20, ni mizoga na damu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama filme za kutisha. Ya pili, ya mwaka 1988, inaitwa *Leprosy*, na wimbo wake wa kwanza unasema juu ya wakoma: nyama inaoza, watu wanawakimbia, wanatengwa wafe peke yao. Mpiga batri anapiga vizuri, gitari mbili zinajibizana kama katika seben, hata kichwa cha mmoja wetu kilianza kutikisika bila ruhusa. Lakini maneno!

Wapenzi, ukoma kwetu si filme. Nchi yetu bado ni moja kati ya nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi wa ukoma. Misioni nyingi zilikuwa na kijiji cha wakoma, na kati yetu yuko mmoja ambaye bibi yake aliponea huko, akarudi nyumbani, akalima, akalea wajukuu kwa vidole alivyobaki navyo. Mwaka 1981 OMS ilikuwa imekwisha kuagiza dawa zitumiwe kwa pamoja, zinazoponyesha ugonjwa huo kabisa. Kijana wa Florida alipoimba mwaka 1988 kwamba hakuna tumaini, dawa zilikuwa ndani ya boksi. Aliimba ukoma sababu neno lenyewe linatisha. Inasikika kama mtu asiyemjua mkoma hata mmoja.

Tungefunga mlango hapo kama yaya hakutulazimisha kusikiliza wimbo mwingine wa disiki ile ile. Huo unasema juu ya mgonjwa aliyelala hospitali, anaishi kwa nguvu ya mashine, anaomba waizime. (Hapa kwetu mgonjwa hana haja ya kuomba, umeme unaizima wenyewe.) Hapa sauti inageuka: kuna mtu ndani ya wimbo. Na tukifuata disiki zake zilizokuja, *Human* ya mwaka 1991 na zile za nyuma yake, mizoga inaondoka, anaimba juu ya uongo wa watu, upweke, kutoelewana. Gitari nayo inapata akili. Mwaka 1999 walimkuta na uvimbe katika ubongo. Wapenzi wa muziki wake, wale wenye manguo meusi na mafuvu, walichanga pesa za matibabu. Alikufa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2001, akiwa na miaka 34. Yule aliyecheza na kifo akiwa kijana, kifo kilikuja kumwona mapema, na rafiki zake walifanya kile ambacho kanisa linafundisha kufanya.

Tunasema hivyo kwa wenzetu wanaohukumu kwa nguo.

Lakini tunakuja Norwe, na hapa hatutafuti maneno ya upole.

Norwe ni jina linalojulikana katika makanisa ya Kivu ya Kusini. Wamisionari wa Kipentekoste wa Norwe na wa Uswidi walifika kwetu katika miaka ya 1920, na shule na zahanati nyingi zilitoka mikononi mwao. Basi tulishangaa kusoma yaliyotokea kwao. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketea. Lilijengwa karibu mwaka 1150. Makanisa mengine yalifuata. Yalikuwa ya Kiluteri, kanisa la zamani la nchi yao. Mwanamuziki Varg Vikernes alitoa disiki yenye picha ya magofu ya kanisa lililoungua, na kopi za kwanza ziliuzwa pamoja na kiberiti cha gazi. Mwezi wa nane mwaka 1993 alimwua kwa kisu mwenzake Øystein Aarseth, mpiga gitari wa kundi Mayhem. Mwaka 1994 walimhukumu miaka 21 ya kifungo kwa kuua na kwa kuchoma makanisa kadhaa. Kwa lile la Fantoft hakupatikana na hatia. Alitoka mwaka 2009.

Yaya aliweka katika orodha wimbo wa Mayhem kutoka disiki yao ya mwaka 1994. Katika disiki hiyo aliyeuawa anapiga gitari na aliyemwua anapiga basi, pamoja, sawa hakuna kitu. Tulisikiliza. Tutasema kweli, sababu tuliahidi: muziki unasimama. Gitari ni kama mvua ya usiku juu ya mabati, inayoendelea mpaka hujui kama ni moja ao elfu. Wawili kati yetu walisema ni wimbo mzuri kuliko yote ya orodha. Wa tatu alitoka nje.

Alitoka kwa sababu hii. Siku ya Mungu, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC kule Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, watu wanapobatizwa. Zaidi ya kumi waliuawa. Huyu mwenzetu ana watu wake upande ule. Alisema: "Bale balichoma makanisa matupu, usiku, juu ya kutafuta jina. Kwetu banachoma na batu ndani. Siwezi kukaa nisikilize gitari."

Mwingine alimjibu kwamba Zaburi nyingi zinasemwa ni za Daudi, na Daudi alimwuza Uria afe vitani. Ni neno zito, na tulilizungusha muda mrefu. Lakini Daudi alikiri kosa lile. Kule Bergen waliuza kiberiti. Kwa maoni yetu hapo ndipo mpaka. Hatumkatazi mtu kusikiliza peke yake, na masikio yake, akijua anasikiliza nani. Ila kuweka wimbo ule katika bafle ya chumba cha kulala, mahali ambapo wenzako wamezika watu wa kanisani, ni kukosa adabu, na tungesema vile vile kama ungekuwa wimbo wa rumba.

Wengine mtauliza: je, hakuna Wakristo wanaopiga muziki huo? Wako. Mwaka 1994 huo huo Mwaustralia mmoja, Jayson Sherlock, alitengeneza peke yake disiki nzima kwa jina la Horde, akapiga vyombo vyote, akificha jina lake. Mngurumo ni ule ule wa Norwe, lakini maneno yanamtukuza Kristo na kumtukana Shetani. Yaya alifikiri tutafurahi. Tulisikiliza kwa heshima. Kusema wazi, hatukuona faida kubwa. Maneno hayasikiki! Ukimfungulia bibi yako Mayhem na Horde, moja nyuma ya nyingine, atakuomba uzime zote mbili kwa sababu ile ile. Kubadilisha maneno ambayo hakuna anayeyashika ni kama kubandika karatasi ya "maji safi" juu ya bidoni bila kuiosha ndani.

Misa ya metali ya Ufini ni jambo jingine. Mwaka 2006, katika kanisa la Temppeliaukio la Helsinki, lile lililochongwa ndani ya mwamba, Waluteri walifanya ibada ya kwanza ya namna hiyo. Pasta anahubiri, kuna meza ya Bwana, na nyimbo ni zile zile za kitabu cha kanisa, watu wote wanaimba, ila nyuma yao ni gitari nzito na batri. Yaya anaandika kwamba aliingia mara moja na alikuta wamama wazee mstari wa mbele. Pale maneno yanasikika sababu mkutano wote unayaimba. Tunajua mwongozaji wa korali yetu atasoma mistari hii, na tunamwambia asiogope, gitari yetu iko na nyuzi ine tu.

Wimbo wa mwisho tuliousikiliza ulitoka karibu zaidi kuliko tulivyofikiri. Duma ni kundi la vijana wawili wa Nairobi, waliorekodi kule Kampala, na disiki yao ilitoka mwaka 2020. Kwa Kikuyu duma ni giza. Tuliposoma jina tulifikiri mnyama, yule mwenye mbio, na mbio kweli ziko: mashine inagonga upesi kuliko mkono wa mtu, na juu yake Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, anapiga kelele ambayo haifanani na ile ya Wazungu wa orodha. Wale wananguruma kutoka chini kama mnyama. Huyu analia kutoka juu. Mwenzetu aliyetoka nje alikuwa amerudi, na yeye ndiye aliyesema: "Hii ninaijua. Ni kilio."

Mwaka 2024 huyu Khanja alitoa disiki yake mwenyewe, *The Adept*, kwa heshima ya mama wa bibi yake ao wa babu yake, Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepigana na Waingereza porini mpaka mwaka 1963 na kupewa cheo cha juu kabisa cha vita, field marshal. Nywele alizozisokota porini alizikata mwaka 2022 tu, na mwaka 2023 akafa. Tuliposikiliza tena tukijua habari hiyo, makelele yalikuwa yale yale, lakini yalikuwa na mtu. Kile tulichokitafuta kwa Slayer na kukikosa kilikuwa hapa: jina la aliyeumia.

Na hapa tunataka kusema na wenzetu waliochoma kadi, bila hasira.

Mnasema hii si muziki, ni makelele tu. Je, mama akifika kwenye msiba wa mtoto wake, analia kwa solfa? Nani kati yenu amekwisha kumwambia mama wa kilio kwamba anapotea sauti? Zaburi ya 88 mmekwisha kuisoma? Haina shukrani mwishoni kama zingine, inamalizikia gizani, na walioweka Biblia pamoja hawakuitoa. Na kama ni makelele ya mashine mnayoyaogopa, basi tuwafukuze na Konono Nº1 wa Kinshasa, maana mzee Mingiedi Mawangu alitoa sumaku katika magari mabovu akatengeneza mikro za likembe zake, na zile likembe zinakwaruza kuliko gitari ya Birmingham. Ulaya nzima iliwapigia makofi. Sisi tunaona aibu ya sauti yetu mpaka mgeni aisifu.

Tena kadi ile haikuwa na Mayhem. Tulihakikisha katika orodha aliyotumiwa yule mdogo: wimbo wa Norwe yaya aliuongeza baadaye, kwa ajili yetu sisi wakubwa. Kulikuwa na Black Sabbath, kulikuwa na Horde, ambayo inamsifu Yesu, kulikuwa na Duma. Mlichoma na ile. Na ile sauti ya baba yake ilikuwa ya dakika mbili, akimwambia alipe minervali mbele ya kununua viatu. Hakuna mpango wa kuirudisha. Waliofanya wanajulikana, prefe amekwisha kuwaita, na hatutaandika majina. Tunaomba jambo moja tu: waende kwake, watatu wote, bila kutumwa na mkubwa yeyote.

Kwa ninyi wapenzi wa kunguruma, nanyi mko na deni. Yule mdogo alikuwa na kadi ya nyimbo tisa, ninyi mlizitumia kuwatisha watoto wa kalasi ya kwanza usiku. Hamjui maneno, hamjui nani aliua nani. Mnaharibu na koo zenu bure. Wenye kazi hii hawakwaruzi nyuzi za sauti wanazotumia kuimba. Juu yake kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, na wanajifunza miaka kuitetemesha bila kujiumiza. Ninyi mnakohoa tu, kisha siku ya Mungu besi hazipo katika korali.

Ombi letu kwa wakubwa wa masomo ni hili. Msitoe sheria ya kukataza muziki wote wenye gitari nzito, sababu hamtaweza kuufuatilia, na watakaoumia ni wadogo wasiojua kuficha. Bafle izimwe saa ya etide na usiku, kwa kila muziki, ndombolo vile vile. Na mtu akichukua telefone ao kadi ya mwingine, aadhibiwe kama mwizi hata kama alikuwa anaimba wimbo wa kanisa.

Orodha nzima, pamoja na maandishi ya maneno tuliyotafsiri kwa shida, iko kwetu karibu na mashine ya kopi. Siku ya posho inayokuja, kisha salongo, tutasikiliza tena Duma na ule wimbo wa mgonjwa. Anayetaka kuja, awe wa upande huu ao ule, aje na kalamu na karatasi yake. Nafasi ni kumi na tano, na batri ya bafle inakaa saa mbili tu.